Mama Popo na Swali la Kumi na Saba

Karatasi ya kwanza, Mama Popo alidhani msahihishaji amelewa. Ya pili, akadhani ni msahihishaji yule yule na pombe bado haijamtoka. Kufika ya tano, kikombe alichoshika akakitua mezani kwa kishindo, chai ikaruka ikamwangukia mwalimu wa hesabu aliyekuwa amejikalia zake pembeni bila kumkosea mtu.

"Samahani," akamwambia, kwa sauti ya mtu ambaye haombi samahani yoyote.

Swali la kumi na saba lenyewe lilikuwa fupi. *Taja mnyama mmoja anayeruka, na ueleze anatumia nini kuruka. Alama nne.* Watoto wake thelathini na sita, kati ya arobaini na mmoja, walijibu popo. Na hawakuandika popo wakaishia hapo kama watu wanaokimbia mvua. Walieleza vidole virefu, walieleza ngozi iliyotandazwa katikati ya vidole, walieleza hewa inavyosukumwa chini na yenyewe inavyojibu kwa kumsukuma popo juu. Mmoja alichora mkono mzima mpaka kidole gumba, na akaweka mshale: "hiki anakitumia kuparamia." Kando ya kila jibu palikuwa na sifuri nyekundu, na chini ya sifuri maneno matatu: *Popo ni ndege.*

Mara thelathini na sita. Yaani mtu alikaa chini na akili zake, akaandika ujinga ule ule mara thelathini na sita, na mkono haukumuuma.

Wawili waliandika panzi, wakakosa. Waliopata walikuwa watatu, wote wameandika chura. Na hao watatu, asikwambie mtu, ndio wale wale ambao wiki ya somo la kuruka hawakuonekana shuleni: mmoja alikuwa na tetekuwanga, mwingine alisafiri kwenda msibani, wa tatu alivunjika mkono. Kumbe dawa ya kufaulu somo la Mama Popo ilikuwa kutoingia darasani kwake.

Sasa, Mama Popo hasira hakuanza nazo juzi. Alipokuwa darasa la nne aliinua mkono akauliza kwa nini ndege hawaanguki, na mwalimu wake akamjibu, "Kaa chini." Akakaa. Alikaa chini miaka mingi sana, huku swali limemkwama kooni kama mwiba wa samaki, mpaka alipoenda chuo cha ualimu na kulikuta jibu kwenye kitabu kilichokatika nusu. Alilisoma amesimama. Tangu siku ile ana ugomvi na kila mtu mzima anayemwambia mtoto akae chini, na kwa kuwa watu hao ni wengi, ana ugomvi na karibu mtaa mzima.

Jina la Popo lilimpata mwaka wake wa kwanza kazini. Popo alidondoka kutoka darini katikati ya kipindi, darasa likalipuka, watoto wakaingia chini ya madawati, na kiranja akatangulia mlangoni. Yeye akamfunika popo kwa kitambaa cha kufutia ubao, akamkunjua bawa taratibu juu ya meza. "Rudini hapa," akasema. "Hesabuni vidole." Wakahesabu. Wakajikuta wanaangalia na mikono yao. Walipomaliza akamning'iniza kwenye nondo ya dirisha, popo akajiachia, akashuka kama jiwe, na kabla hajagusa chini akafungua mabawa akaondoka. Watoto wakapiga makofi. Tangu hapo ni Mama Popo, miaka kumi na minne sasa, na ukimwita kwa jina lililo kwenye kitambulisho chake atageuka kuangalia unamwita nani.

Somo lake la kuruka lilikuwa la wiki nzima na halikuwa na daftari mpaka siku ya tatu. Siku ya kwanza ni kukata karatasi, upana wa vidole viwili.

"Ishike chini ya mdomo, ining'inie. Sasa puliza juu yake."

"Mwalimu, ukipuliza juu si itashuka?"

"Umeshapuliza?"

"Bado."

"Basi umeongea kabla ya kupuliza. Puliza."

Mtoto anapuliza, karatasi inanyanyuka. Anaishusha kwa kidole kama mtu anayemkanya mdogo wake, anapuliza tena, inanyanyuka tena. Hapo ndipo Mama Popo anapowaambia: hewa inafuata ule mgongo uliopinda, juu pale mkandamizo unapungua, ya chini inapata nafasi ya kusukuma. Bawa la njiwa lina mgongo kama huo. La nzi halina, ndiyo maana yeye lazima alipige mpaka lilie masikioni mwako. Siku ya pili wanavaa mifuko ya plastiki mkononi, wanaibana na gundi ya karatasi katikati ya vidole, wanatoka uwanjani kusukuma hewa. Vidole vikifunguka hewa ni nzito, vikikunjwa ni nyepesi. "Fungua, sukuma chini. Kunja, nyanyua." Watoto arobaini wanapiga hewa kama wamechanganyikiwa, na walimu wengine wanafunga madirisha.

Na swali la chura lilikuja, maana watoto si wajinga. "Mwalimu, chura naye si anaruka?"

"Anaruka. Chura akiruka, ardhi anaiaga kisha anairudia. Popo akiruka, anahamia hewani. Neno moja, kazi mbili."

Kwa hiyo walijua. Waliandika popo kwa sababu chura waliona ni wa darasa la pili.

Mwalimu wa taaluma aliingia ofisini wakati huo huo, bado chai inadondoka kwenye shati la mwalimu wa hesabu. Huyu walimu walimwita Mwongozo, kisirisiri, kwa sababu hakuwahi kusema jambo ambalo halijaandikwa mahali. Mtu wa kupiga pasi mpaka soksi. Ukimuuliza saa ngapi, kwanza anaangalia ratiba.

"Naona umeshapata karatasi zako," akasema.

"Nani kaandika popo ni ndege?"

"Wasahihishaji wamefuata mwongozo."

"Nimeuliza nani. Sijauliza wamefuata nini."

Mwongozo akafungua faili lake, akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya uchaguzi. "Swali la kumi na saba. Chura, sungura, swala na wengine wa namna hiyo. Hutumia miguu ya nyuma yenye nguvu. Angalizo: ndege na wadudu hawakubaliki, kwa kuwa ndege si mnyama na mdudu si mnyama."

"Ndege si mnyama."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Ni nini sasa, kabichi?"

Mwalimu wa hesabu akacheka, akajifanya anakohoa. Mwongozo hakucheka, hakuna palipoandikwa kwamba acheke.

"Wastani wa darasa lako ni arobaini na saba," akasema. "Utaratibu unaujua. Chini ya hamsini, somo linahama mkono. Kuanzia Jumatatu sayansi ya darasa la tano nafundisha mimi. Wewe unakabidhiwa stoo ya michezo na usimamizi wa usafi."

Stoo ya michezo ilikuwa na mipira minne, miwili haina upepo, na kamba moja ya kuvutana. Hapakuwa na mtoto hata mmoja mle. Mama Popo alihisi damu inapanda kutoka miguuni, inapita magoti, inapita tumbo, inakuja.

"Darasa langu hulichukui."

"Unaweza kukata rufaa kwa mkuu, kesho saa nne." Alipofika mlangoni akageuka, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akaonekana kufurahia kitu. "Lakini kabla hujaenda kutoa povu, mwalimu, angalia ukurasa wa mbele."

Akaacha nakala mezani. Ukurasa wa mbele ulikuwa na orodha ya walimu waliopitia mtihani ule wa pamoja na majibu yake, wakaridhika. Jina la nne lilikuwa lake. Na sahihi ilikuwa yake, ile yenye mkia mrefu, hakuna wa kumsingizia.

Alikumbuka papo hapo. Kikao cha kupitia maswali, mwezi uliopita. Mwongozo alikuwa amesema, kwa upole wake ule unaokera kuliko matusi, kwamba wiki nzima ya kupuliza karatasi haimo kwenye mtaala. Yeye akasimama, akavuta karatasi ya mahudhurio na ya sahihi kwa mpigo mmoja, akasaini zote bila kuketi, akatoka, akaubamiza mlango mpaka kalenda ikaanguka. Alijisikia vizuri siku nzima. Kumbe alikuwa amebamiza mlango na watoto wake thelathini na sita wako ndani.

Akaenda karakana ya mdogo wake, fundi wa feni, nyuma ya soko. Alikwenda kutafuta mtu wa kumwambia kwamba hana kosa. Mdogo wake alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, feni ya dari mapajani, bisibisi mdomoni. Alimsikiliza dada yake mwanzo mpaka mwisho bila kuacha kufungua skrubu, kisha akatoa bisibisi mdomoni.

"Dada, kwani ulisaini?"

"Nimekueleza habari ya nusu saa, hilo ndilo ulilolisikia?"

"Nimesikia yote. Popo, kabichi, soksi zenye pasi. Nauliza ulisaini?"

"Nilisaini."

"Bila kusoma?"

"Nilikuwa na hasira."

"Sasa dada, wewe lini huna? Tungoje upoe ndipo usaini vitu, si tutazeeka?" Akacheka peke yake, akaona hachekewi, akatulia. "Soma hilo swali tena."

Akamsomea. *Taja mnyama mmoja anayeruka.*

"Mimi ningeandika sungura," akasema fundi.

"Hata wewe?"

"Usinitolee macho hivyo. Ukiniambia 'ruka huo mtaro', mimi natoa mabawa? Nakunja suruali naruka. Swali liko sawa na jibu liko sawa. Na la watoto wako nalo liko sawa. Hapo ndipo penye balaa."

Alitaka kumjibu vibaya, na maneno alikuwa nayo ya kutosha, ya tangu utotoni, yanayogusa mpaka ile siku fundi huyu alipojirusha kutoka juu ya kibanda cha kuku na mwavuli. Hayakutoka. Njia nzima alikuwa ametunga hotuba ya kesho, na hotuba yote ilisimama juu ya kwamba jibu la chura ni uongo. Chura si uongo. Mwenyewe aliwafundisha hivyo, neno moja, kazi mbili. Sasa hotuba imebaki bila miguu.

"Nikikubali chura ni sahihi atanicheka," akasema.

"Atakucheka."

"Nikikubali sahihi ni yangu atanimaliza."

"Hiyo sahihi anayo tayari, dada. Anachosubiri ni wewe uikane, aitoe mbele ya mkuu, upasuke. Mimi ningekuwa yeye hata usingizi nisingepata kwa raha." Akarudisha bisibisi mdomoni. "Nipe huo waya hapo miguuni. Na usimkanyage paka."

Akampa waya, akaondoka bila kuaga. Njiani alikuwa anatembea kwa hasira ya aina mpya, ambayo haikuwa na mtu wa kumwangukia isipokuwa mwenyewe, na hiyo, bwana, ndiyo mbaya kuliko zote, maana huwezi kuibamizia mlango.

Ijumaa saa nne kamili walikuwa ofisini kwa mkuu wa shule. Mkuu alikuwa mtu wa amani mpaka anakera. Ugomvi ukianza, yeye huanza kupanga kalamu zake kwa urefu. Mwongozo alikaa wima, faili magotini, ukurasa wa mbele umeshachomoza kidogo tayari kwa kuvutwa.

"Karibuni," akasema mkuu. "Tuzungumze kwa utulivu. Mwalimu wa taaluma, anza."

"Naomba nianze mimi," akasema Mama Popo.

Mkuu akagusa kalamu ya kwanza.

"Kwenye faili lake kuna ukurasa una sahihi yangu. Ni yangu kweli. Niliambiwa nisome mwongozo, sikusoma, nilisaini nikatoka. Ningesoma, lile angalizo ningeliona, na tusingekuwa hapa."

Mwongozo alikuwa tayari ameshavuta ukurasa, akabaki ameushika hewani kama mtu aliyenyoosha mkono kusalimia na hakuna aliyeupokea.

"La pili," akaendelea, na hili lilimtoka kama jino, "chura ni jibu sahihi. Na sungura. Walioandika wasinyang'anywe. Lakini swali limesema anayeruka, halikusema aruke aende wapi. Wangu wamejibu kuruka kwa pili. Nao ni kuruka."

"Popo ni ndege," akasema Mwongozo. Alikuwa ameukunja ukurasa, na bila ukurasa sauti yake ilipungua. "Hata bibi yangu kijijini anajua. Ana mabawa, anaruka. Ni ndege."

"Anataga wapi?"

"Nini?"

"Mayai. Popo anataga wapi? Bibi alishawahi kukukaangia?"

"Mwalimu," akasema mkuu, akisogeza kalamu.

"Ana manyoya kama ya panya. Ana masikio. Ana meno, na akikuuma utayahesabu. Ananyonyesha. Sasa kwa bahati mbaya Mungu akampa na vidole virefu, mnamtoa ukoo?"

"Hayo mwongozo hausemi."

"Najua hausemi. Ndiyo kesi yenyewe."

Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda zile ngazi zake, na aliisikia inapanda, na akajua ikifika juu atakuwa amebamiza mlango mwingine. Akaweka mikono yote miwili chini ya mapaja, akaikalia. Mkuu aliona. Labda hilo ndilo lililomfanya aache kalamu.

"Tuite mtoto," akasema. "Lakini asiwe aliyeandika popo. Tuite aliyepata."

Akaletwa yule wa tetekuwanga, msichana mfupi ambaye darasani walishampa jina la Madoadoa kwa yale makovu ya usoni, na yeye akalikubali ili yaishe. Alisimama mlangoni akitafuta kosa lake. Mkuu akamwonyesha karatasi.

"Swali la kumi na saba ulipata alama zote. Kwa nini uliandika chura?"

"Sikuwepo, mkuu. Nilikuwa naumwa."

"Hatukuulizi ulikuwa wapi. Tunauliza kwa nini chura."

"Ndiye niliyekuwa namjua."

Mwongozo akatikisa kichwa taratibu, kama kwamba hoja yake imepata shahidi, kisha akaonekana kufikiria vizuri alichokisikia.

"Wenzako waliandika popo," akasema mkuu. "Unaona walikosea?"

Mtoto akamwangalia Mama Popo. Mama Popo alikuwa anaangalia sakafu, maana uso wake haukujua kudanganya na hakutaka mtoto aone jibu pale.

"Hawakukosea. Walinieleza uwanjani baada ya mtihani. Nikataka na mimi nikabadilishe, lakini karatasi zilishakusanywa."

"Walikueleza nini?"

Madoadoa akanyoosha mkono, akapanua vidole. "Huu mkono, vidole virefuke hivi, hapa katikati pawe na ngozi. Anasukuma hewa chini. Hewa nayo inamsukuma yeye juu. Chura anasukuma ardhi, nayo inamsukuma juu, ila ardhi akishaiacha hana kingine cha kusukuma, anarudi. Popo hewa haimwishii." Akafikiri. "Lakini wote wanasukuma. Ni kitu kimoja."

Mama Popo akainua kichwa. Hilo la mwisho hakuwafundisha. Miaka kumi na minne alikuwa anawatenganisha chura na popo, neno moja, kazi mbili, na mtoto ambaye hata darasani hakuwepo amesimama mlangoni anamwambia ni kazi moja. Alikasirika kidogo, kwa nini hakuliona mwenyewe, na hiyo ilikuwa hasira ya kwanza wiki ile ambayo haikumuunguza.

"Na ndege," akauliza Mwongozo, hakuweza kujizuia, "ni mnyama au si mnyama?"

"Kama si mnyama, mwalimu, ni nini?"

Mama Popo akaibana midomo. Neno kabichi lilikuwa limefika mpaka kwenye meno.

Mkuu akamruhusu mtoto aende, akatoa hukumu ya namna yake, yaani ile ambayo kila mtu anatoka na kidonda. Majibu ya popo yasahihishwe upya, leo, na walimu wawili hawa, meza moja. Wastani ukifika hamsini, somo linabaki lilipo. Usipofika, ni stoo. Na Mama Popo aandike barua kukiri kwamba alisaini mwongozo bila kuusoma, iwekwe kwenye faili lake.

"Faili la kudumu?" akauliza.

"Faili ni moja tu, mwalimu."

Walikaa mezani kuanzia saa saba, shule imeshaanza kutawanyika. Alama mia moja na ishirini na tatu ndizo zilizohitajika, tatu kwa kila mtoto wa darasa. Thelathini na sita mara nne ni mia na arobaini na nne, kwa hiyo kulikuwa na nafasi ya kupoteza ishirini na moja, na Mwongozo alikuja na nia ya kuzipata zote.

"Huyu kasema anatumia mabawa. Hajaeleza. Mbili."

"Kachora."

"Mchoro haujaombwa."

"Yameombwa maelezo. Mtu akikuchorea ramani utasema hajakuelekeza njia?"

Mwongozo akampa mtoto nne. Ya kumi na moja walibishana mpaka mlinzi akachungulia. Mtoto aliandika kwamba popo anaruka "kwa sababu ni mwepesi na hana wasiwasi." Mwongozo akasema sifuri. Mama Popo aliisoma mara mbili. Alimpenda sana mtoto yule, na sentensi ile aliipenda zaidi, na haikuwa jibu.

"Popo moja," akasema. "Maelezo hana."

Mwongozo akainua macho kwenye karatasi. "Nilidhani utanibishia."

"Sijasaini bila kusoma leo."

Kuanzia hapo kazi ilikwenda haraka. Kuna karatasi Mwongozo mwenyewe aliongeza alama, mtoto alikuwa ameandika nyuma ya ukurasa na Mama Popo hakupaona. Kila waliyomaliza, Mama Popo alikata yale maneno mekundu kwa mstari mmoja, kwa wino wa buluu, na mstari wa kwanza aliukandamiza mpaka karatasi ikachanika. Walipojumlisha ikawa mia moja na thelathini na moja. Mwongozo akajumlisha tena, kutoka chini kwenda juu. Mia moja na thelathini na moja.

"Hamsini nukta mbili," akasema, akafunika kalamu yake.

"Sema tena, mwalimu wa hesabu hajasikia."

"Mwalimu wa hesabu kashaondoka."

"Sema tu."

Hakusema. Lakini alipofika mlangoni alisimama. "Hiyo karatasi ya kupuliza. Unashika chini ya mdomo?"

"Nenda nyumbani," akasema Mama Popo.

Barua ilimchukua Jumamosi nzima. Ya kwanza ilikuwa kurasa tatu na ilimtaja Mwongozo mara tisa. Ya pili ilikuwa na neno kabichi. Ya mwisho ilikuwa na mistari miwili: sikusoma, nilisaini, kosa ni langu. Aliitia sahihi ile yenye mkia mrefu, akaikunja, na moyo ulimuuma kwelikweli, maana faili lake mpaka siku ile lilikuwa safi, na lilikuwa kitu pekee kuhusu yeye ambacho hakikuwa kimepigana na mtu.

Jumatatu kipindi cha pili aliingia darasa la tano na bunda la karatasi. Watoto wakasimama, wakasalimu, wakakaa. Walishajua kuna jambo. Watoto wanajua mambo ya ofisini kabla hata kikao hakijaisha.

"Swali la kumi na saba mlipewa sifuri," akasema. "Sifuri ile ilikuwa ya kwangu. Niliambiwa nipitie majibu kabla ya mtihani. Sikuyapitia, nilisaini tu, kwa sababu nilikuwa nimemkasirikia mtu. Alama zenu nusura ziende na mimi niondoke humu. Zimerudishwa. Lakini nilitaka mlisikie kwangu."

Walikuwa wamemzoea akiwakemea, hawakuwa wamemzoea hivi. Mwishowe ukainuka mkono mmoja nyuma, mkono wa yule asiye na wasiwasi.

"Mwalimu, kwa hiyo wewe ulifeli?"

Darasa zima likageuka kumwangalia mtoto yule kama marehemu.

Mama Popo aliihisi inapanda, ile yenyewe, miguuni, magotini. Akaiacha ipande. Ilipofika kooni ikakuta mtoto kauliza swali, swali zuri, na bado amesimama anasubiri jibu.

"Nilifeli," akasema.

"Sasa utarudia darasa?"

Mtu mmoja akacheka kwa puani, kisha wa pili, kisha likaenda lote, mpaka Madoadoa mbele pale akaweka kichwa juu ya dawati.

"Nitarudia," akasema Mama Popo, akaanza kugawa karatasi, na kwa kila aliyempa alimwambia akae vizuri aache kucheka, lakini hakumwambia hata mmoja akae chini. "Na nikirudia nitakaa dawati moja na wewe hapo nyuma, nione kama utanionyesha majibu. Simama hapo hapo. Umeandika popo hana wasiwasi. Nimekupa moja. Nieleze sasa, wasiwasi unazuiaje bawa, na usiponieleza hiyo moja naichukua."